Mirabaha ya Kigelegele

Jumatatu, 14 Julai 2025
Alhamdulillahi! Barua pepe kutoka Norwe. Wanatengeneza filamu ya mbuzi, wanautaka wimbo wangu, "Ndizi za Mama Mkwe". Kila filamu ikionyeshwa, hata mtandaoni, mirabaha kwa wote wanaosikika. Wanataka majina, sahihi na mgawo, jumla mia, kabla ya Jumamosi. Nimejaza: Idrisa, mia. Cherehani ya Naima, mke wangu, niliyoiweka rehani kwa Mika pale Mwanjelwa ili nirekodi, itarudi nyumbani. Naima ameuliza lini. Maswali gani hayo!

Jumanne, 15 Julai
Wanorwe wamesikiliza tena. Wanasema kuna gitaa. Tena kuna kigelegele cha mwanamke, ndiyo roho ya wimbo. Roho! Na mimi niliyeimba beti sita? Nimekwenda Ilomba kwa Andendekisye, mpiga gitaa. Amesema bila hamsini hasaini. Nimempa. Mimi si mchoyo.

Jumatano, 16 Julai
Kigelegele ni cha Shangazi Batuli wa Iringa, shangazi yake Naima. Nilikinasa harusini, simu nimeificha chini ya sinia la pilau. Mwenyewe hajui. Naima kanishauri nikamwambie ukweli. Huyu hajui biashara. Nimenunua doti ya khanga, kwa mkopo.

Alhamisi, 17 Julai
Iringa. Nimempa Shangazi khanga, kisha karatasi, nikasema ni ya mgao wa vyandarua. Nilisahau alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini. Akavaa miwani. Akasoma mbele, akageuza, akasoma na nyuma kusikoandikwa kitu. Akauliza Wanorwe wana shida gani na mbu wa Iringa. Nikaungama yote. Akanikumbusha kwamba harusini wenzangu wote walimtunza kwa kigelegele kile, mimi nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa makubadhi. Sasa anataka sitini. Nikasema hamsini imeshakwenda. Akasema kinachopungua nitoe kwangu. Nimetoa. Amesaini.

Ijumaa, 18 Julai
Wanorwe wanauliza kwa adabu. Andendekisye hamsini, Batuli sitini, Idrisa hasi kumi: je, kila mbuzi wakionyeshwa, mimi ndiye nitakayelipa? Jasho limenitoka, na Mbeya hii ya Julai! Nimempigia Shangazi nikilia. Amepunguza kumi, kwa ajili ya Naima tu. Mimi sifuri. Lakini jina langu limeandikwa!

Jumamosi, 30 Agosti
Mirabaha ya kwanza imeingia, kwa wenzangu. Shangazi kashuka basi, kaenda moja kwa moja kwa Mika, kaikomboa cherehani, kaja kuiweka mbele ya Naima. Naima amelia. Nimeona aibu, kweli nimeona. Kisha, tukiwa tunakula, Shangazi akaikumbuka sifuri yangu, akacheka mpaka miwani ikaanguka kwenye mchuzi. Robo saa nzima! Kicheko kitamu, kinapanda, kinashuka, na Naima anakanyaga cherehani kwa nyuma.

Bahati nzuri simu ilikuwa chini ya sinia. Karatasi nimeshajaza. Idrisa, mia.