Firigisi ya Mwenyekiti

Wananchi wote wa Nyeri, Gatitu, Chaka na viunga vyake walitangaziwa rasmi kwamba kuanzia mwezi huo umaskini ungehesabiwa kuwa sifa njema. Maskini angepewa mkopo wa nyumba, alipe polepole kila mwezi kama anavyolipa kodi, mpaka nyumba iwe yake. Alichotakiwa ni kuthibitisha kwamba yeye ni maskini kweli, ila asiwe maskini kupita kiasi. Tangazo lilisomwa kwa kipaza sauti, keki ikakatwa, wakubwa wakalishana.

Kazi ya kuthibitisha ikapewa Kamati ya Umaskini Unaokopesheka. Mwenyekiti alikuwa Bwana Kinuthia, mtu wa suti na mwendo wa taratibu, ambaye hajawahi kuchelewa mahali penye chakula. Alifuatana na Magdaline, katibu wa kamati, na Mugo, aliyebeba futi ya kupimia vyumba.

Kinuthia aliipenda kazi yake kwa dhati. Na kwa kuwa mambo ya umma hayafichwi, isemwe tu kwamba hata yeye alikuwa ameomba nyumba moja kati ya zile mpya za Gatitu, ile ya pembeni inayotazama mlima. Makato ya mshahara wake yalikuwa mengi mno, kwa hivyo kipato chake kilikuwa cha chini kuliko alivyostahili. Mkewe alikuwa ameshanunua mapazia.

Jumanne moja kamati ilifika kwa Kefa na Khavere. Kefa alikuwa soja wa kulinda duka la saruji na mabati mjini. Khavere, mkewe, aliuza mrenda na saga kwa walimu na polisi waliotoka magharibi kama wao, wanaokonda wakikosa mboga za kwao. Walikaa na watoto wanne katika chumba kimoja cha mabati.

"Hodi! Ni serikali," Mugo akaita.

"Karibuni, karibuni sana," Khavere akasema, akipangusa stuli ambayo haikuwa na vumbi.

Kinuthia akaketi, akatazama huku na huku kama daktari anayetafuta mshipa. "Mama, mko na TV?"

"Iko, Chairman. Lakini picha ilikataa, inaongea tu."

"Magdaline, andika redio. Na hii kitanda ni ya nani?"

"Ni ya watoto. Sisi tunalala hapo chini."

"Andika, sakafu inatumika kikamilifu."

Kefa akakohoa kidogo. "Chairman, landilodi amesema tutoke mwisho wa mwezi. Anataka kujenga fleti. Na kodi tunalipa, hatujawahi kumkosesha. Si hiyo pesa tungepeleka benki, hawa watoto wawe na kwao?"

Kinuthia aliguswa. Alikuwa mwepesi wa kuguswa, na baada ya kuguswa aliendelea na kazi. Mugo akapima chumba, kikamalizika kabla futi haijanyooka vizuri, wakainuka kuondoka.

Khavere akasimama mlangoni. "Ati mnaenda? Kwani tumewakosea nini? Kwetu Vihiga mgeni hatoki hivi hivi. Mtaniaibisha kwa majirani."

Nyuma ya nyumba palikuwa na kuku mmoja, yule aliyewatagia watoto mayai. Baada ya muda mfupi hakuwa nyuma ya nyumba tena. Wageni waliletewa ugali na nyama, watoto wakatolewa nje na bakuli la supu, na mbele ya Kinuthia ikawekwa firigisi, peke yake kwenye kisahani.

"Hiyo hupewa mkubwa wa nyumba," Kefa akaeleza, akiwa amesimama kwa heshima. "Mimi huwa naila. Lakini leo mkubwa ni wewe."

Kinuthia alitafuna macho yakiwa yamefumbwa. Miaka yote ya utumishi wake, hakuna idara iliyowahi kumtambua namna hiyo. Akafuatisha mapaja yote mawili.

Kesho yake afisini, aliita kikao cha dharura. Jambo fulani lilikuwa limemnyima usingizi.

"Watu wanachinja kuku Jumanne," alisema, "halafu wanatuambia ni maskini?"

"Lakini Chairman," Magdaline akasema, "si tulikula sisi?"

"Kamati haili, Magdaline. Kamati hukagua." Na papo hapo kikapitishwa Kipengele cha Kuku: nyumba yoyote ambamo kuku ameliwa siku ya kazi si nyumba ya kipato cha chini. Kefa na Khavere wakaandikiwa kwamba serikali inawapongeza kwa utajiri wao.

Kipengele kilifanya kazi kwa namna ya kutia moyo. Kamati ikaenda Chaka, ikachinjiwa. Ikaenda kwa mwalimu Mwende kule mjini, ikachinjiwa. Kila mwenye shida aliona aibu kuwapa wakubwa chai kavu, na kila aliyeona aibu alivuka mstari akawa tajiri. Kabla ya mwisho wa mwezi umaskini ulikuwa umekwisha katika eneo zima, na jina pekee lililobaki kwenye orodha ya waombaji lilikuwa la Kinuthia. Alipokea habari hizo kwa unyenyekevu. Suti ikawa haifungi vifungo.

Ndipo akaja Madamu Adhis, Katibu Mkuu wa wizara, kutoka makao makuu. Ijumaa ilikuwa siku ya kukabidhi funguo, kamera zilikuwa zinakuja, naye alihitaji maskini.

"Wako wapi?" aliuliza ukumbini, mbele ya waombaji wote waliokataliwa. Khavere alikuwa kiti cha mbele, na vyombo vyake viko nje kwenye mkokoteni, maana landilodi alikuwa ameshawatoa.

"Wamekwisha, Madamu," Kinuthia akasema, kifua mbele. Akaeleza Kipengele cha Kuku kwa ufasaha. "Mtu anayekula kuku siku ya kazi hawezi kutudanganya. Hana haki ya hizi nyumba. Hata awe nani, aende zake!"

"Hata awe nani?"

"Hata awe nani, Madamu. Sheria haina macho."

Khavere akainuka bila kuitwa. "Madamu, watoto wangu walikunywa supu tu. Nyama hawakuonja. Niliwachinjia wageni kuku ya mayai, halafu nikaambiwa mimi ni tajiri! Sasa tunalala wapi leo?"

Madamu Adhis alikuwa Mjaluo wa Siaya. Kuna swali moja tu ambalo mtu wa huko huuliza kuku akitajwa.

"Firigisi alikula nani?"

Kefa akatazama viatu vyake, kwa kuwa mwenyeji hamtaji mgeni. Angenyamaza na Kinuthia, mambo yangeishia hapo. Lakini heshima ile ilikuwa bado tamu mdomoni, na hakupenda watu wadhani alipewa Mugo.

"Nilipewa mimi," akasema. "Waliniheshimu sana. Hata kule Chaka nilipewa. Na kwa mwalimu Mwende."

"Siku za kazi?"

"Madamu, mimi ni mtu wa kazi."

Madamu Adhis akamgeukia Magdaline. "Andika: kuku huhesabiwa kwa aliyemla. Bwana Kinuthia ana kipato cha juu kabisa. Mtoe kwenye orodha. Hawa wengine warudishe wote."

Magdaline aliandika haraka kuliko alivyowahi kuandika. Watu walipiga makofi, na mkokoteni wa Khavere ukasukumwa moja kwa moja hadi nyumba ya pembeni inayotazama mlima.

Wiki iliyofuata utaratibu ulimtaka Kinuthia azuru nyumba hiyo kuthibitisha kwamba mwenyewe amehamia. Alikuta mapazia anayoyafahamu, kwa maana mkewe aliyauza kwa bei ya kutupa.

"Karibu, Chairman," Khavere akasema. "Kwetu mgeni hatoki hivi hivi."

Meza ikaandaliwa, watoto wote wakiwa wamekaa, kila mmoja na nyama yake. Kisahani kilekile kikaja. Kinuthia akafungua kifungo cha koti. Kisahani kikampita, kikatua mbele ya Kefa, ambaye mkopo wake ulikuwa umeshatiwa saini na sasa angeweza kula kuku siku yoyote.

"Leo mkubwa wa nyumba yuko," Khavere akasema kwa upole, akamwekea mgeni shingo.

Ilikuwa Jumanne. Kinuthia alitazama kwanza mlangoni, kisha dirishani, ndipo akala.