Wasifu wa Mzee Hezroni, Ambaye Hajafa

Mansuri alikuwa hajamaliza hata chapati yake alipoona riziki ikitoka mlangoni mwa duka la ng'ambo ya barabara. Riziki yenyewe ilikuwa imevaa kofia ya pama, imeshika karatasi kwa mikono miwili, na ilikuwa inalia.

"Yule mzee kafiwa?" akamuuliza mwenye mgahawa.

"Nani, Mzee Hezroni wa Ikolo? Wala. Anasoma wasifu wake."

"Wa kuombea kazi?"

"Wa marehemu. Wake mwenyewe. Kila akiuza kakao anakuja hapo kwa Mama Tulinagwe, mpiga chapa, kuongezewa mema. Sasa hivi amefika mahali alipookoa watu ziwani."

"Aliwaokoa kweli?"

"Hajui hata kuogelea."

Mansuri akaiweka chapati chini kwa heshima zote. Yeye alikuwa daktari wa kompyuta, cheo alichojipa ndani ya basi akija Kyela kutoka pwani, na abiria hawakumpinga. Mali yake duniani ilikuwa laptopu na diski moja nyeusi, ndogo kama kipande cha sabuni. Kazi yote ilikuwa kwenye diski. Mlikuwa na ugonjwa humo, mlikuwa na dawa yake, na mlikuwa na mafaili ya watu wa kila mji aliopita, yamekaa mateka yakingoja wenyewe waje kuyakomboa. Diski ile ikimtoka, Mansuri anabaki kijana mwenye shati zuri, basi. Kwa Kinyakyusa alijua neno moja tu, "ndaga", kwamba ni asante, na alilitumia bila huruma.

Akavuka barabara na flashi yenye ule ugonjwa mfukoni, akachapisha kwa Mama Tulinagwe karatasi moja isiyo na maana yoyote, akasema, "Ndaga, mama," akaenda zake. Kabla ya adhuhuri kompyuta ya Mama Tulinagwe ilikuwa imegeuka bluu uso mzima na haisemi na mtu.

Mansuri akapita tena hapo, kwa bahati. Ile bahati yenye kuvaa saa.

Mama Tulinagwe alikuwa mwanamke wa maneno machache, miwani inaning'inia kifuani, ambaye harusi na misiba yote ya mtaa wa Mbugani ilipita kwenye vidole vyake. Mzee Hezroni naye alikuwa amerudi kuongeza neno "mashuhuri", akakuta mambo yameharibika.

"Vumbi la mpunga," Mansuri akatamka baada ya kuibandikia sikio mashine. "Limeingia kwenye ubongo. Lakini inatibika. Fundi aliyeifunga aliacha picha?"

"Ipo," akasema Mama Tulinagwe. Akapanda kigoda, akashusha ukutani picha yenye fremu. Ilikuwa kompyuta siku ya ufunguzi wa duka, imevishwa utepe, na mchungaji kasimama kando ameshika mkasi.

Mansuri akamrudishia kwa mikono miwili. Utapeli nao una siku zake ngumu.

"Si hii, mama. Picha ya diski. Ni nakala ya kila kilichokuwamo ndani siku ile. Aa, naiona, ameiacha humu humu. Nikiirudisha, kompyuta inakuwa vile vile ilivyokuwa siku ya ufunguzi, nzima kabisa. Ila kila mlichoandika baada ya hapo kinafutika. Labda tuyachague mafaili, tuyaweke kando kwanza."

"Siku ile wasifu wangu ulikuwaje?" Mzee Hezroni akauliza.

Mama Tulinagwe alikuwa anaukumbuka kwa kichwa. "'Hezroni alizaliwa Ikolo. Alilima. Alipenda mbasa.'"

"Halafu?"

"Halafu amina."

Mzee akatafuta kiti. "Na nikifa Jumapili hii? Watu wamejaa, nisomewe samaki? Jirani yangu Eliya atacheka mpaka aangukie kaburini mwangu! Wasifu wake una safari ya Yerusalemu, na hata Mbeya hajafika!"

"Mzee wangu, usife kwanza," Mansuri akamtuliza. "Wako nauokoa kwa gunia moja la kakao kavu. Hayo mengine ya mama tutaelewana baadaye, moja moja."

Akachomeka diski nyeusi. Majina ya mafaili na ya wenyewe yakajipanga kwenye kioo, ya hapo na ya miji mingine. Mama Tulinagwe akavaa miwani, akayasoma polepole, akavua miwani.

"Baba, nionyeshe na mimi unavyofanya. Nisikusumbue siku nyingine."

Hapo ndipo sifa zilipomwingia kijana wa watu. "Rahisi tu, mama. Unaona vijisanduku hivi? Unachotaka kisalimike unakitia tiki. Hapa chini unachagua diski ya kurudishiwa picha. Usikosee hapa! Ukielekeza kwenye hii nyeusi yangu, inafutwa yote, kinabaki ulichotia tiki peke yake."

"Peke yake?"

"Peke yake, mama."

"Maarifa haya," akasema Mama Tulinagwe.

Mansuri akayahamishia mafaili yote ya duka kwenye diski yake, akairudisha ile picha, na kompyuta ikaamka ikidhani bado ni siku ya ufunguzi. "Wasifu uko hapa," akasema akigonga diski. "Kakao ikifika, unarudi. Msiichomoe sasa, lazima ipoe." Diski haikuwa na moto wowote. Alisema hivyo kwa sababu madaktari husema mambo ya namna hiyo.

Mama Tulinagwe akamgeukia mzee, akampa maelezo marefu kwa Kinyakyusa. Mansuri alisikia "ndaga" mle katikati, akaridhika.

Gunia likaja kwa bodaboda, likashushwa uani. Mzee Hezroni akamvuta Mansuri aje alikague mwenyewe. Mansuri akachota punje za juu, akazinusa, akaitafuna moja kwa uso wa mnunuzi wa kimataifa. Alitaka kurudi ndani, lakini mzee alikuwa ameshika kiwiko chake na ameanza kumsimulia ule uokoaji wa ziwani, wimbi kwa wimbi, na kila aliyezama alikuwa na jina na ukoo. Mtu mmoja aliokolewa mara mbili.

Waliporudi, Mama Tulinagwe alikuwa amekaa ametulia, mikono mapajani.

"Wasifu wa mzee nimeshauchukua, baba. Diski yako imepoa."

Kisha akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akatikisa kichwa taratibu. "Ndaga, mwanangu. Ndaga fijo." Mzee Hezroni naye akavua kofia. "Ndaga fijo." Mansuri alikuwa ametapeli watu wengi, lakini hakuna waliowahi kumshukuru kwa uchungu namna ile.

Alipolifikisha Mbeya, mnunuzi wa kakao akalimimina gunia chini. Juu ilitoka kakao. Chini yake yakatoka maganda, maganda matupu, hadi mshono wa mwisho.

"Ndaga," akasema mnunuzi, akitikisa kichwa vile vile.

"Asante ya nini wewe? Unanicheka?"

"Wewe si wa huku, eh? Ndaga ni asante, na ndaga ni pole. Neno ni moja, inategemea umekutwa na nini."

Mansuri akachomeka diski nyeusi kwenye laptopu. Ugonjwa haukuwamo, wala dawa. Mateka wote walikuwa wametoroka. Ilikuwamo kompyuta ya Mama Tulinagwe ya siku ya ufunguzi, safi, na faili moja lililotiwa tiki:

"Wasifu wa Marehemu Mansuri. Alizaliwa pwani. Alikuja Kyela. Alipenda kueleza. Ameacha mafaili ya Asifiwe wa Tukuyu, mtoto wa dada yangu, na ya wengine wengi, ambayo yote yamerudi makwao. Ndaga."

Akausoma. Akausoma tena. Iliuma, tuseme kweli. Diski imekwenda, kakao imekwenda, riziki yenyewe imekwenda, lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba ulikuwa mfupi.

Akatazama huku na huku, akajivutia laptopu karibu, na baada ya "alikuja Kyela" akaandika, "ambako alipendwa sana."

Akahifadhi. Kisha akaweka nakala nyingine kando, isije ikapotea.