Cheti Chenye Paka

Alhamisi, 29 Juni 2023

Leo nimeacha. Saa tatu asubuhi, hapa hapa dukani Mengo, kabla sijatundika hata kitenge kimoja. Nimeacha kununua michezo ya kompyuta. Kabisa! Daftari hili nimelianza ili liwe shahidi wangu.

Saa nne nimenunua miwili. Sikujua kwamba mapunguzo ya katikati ya mwaka yanaanza leo. Mmoja ulikuwa elfu sitini, sasa elfu tisa. Mwingine ni wa kuendesha treni za Ujerumani. Kabla ya chai nilikuwa nimeokoa zaidi ya laki moja. Mwaka huu nimeokoa pesa nyingi sana. Sielewi kwa nini hazipo.

Jumla ninayo michezo mia mbili na kumi na minne. Nimecheza sita. Ninaoupenda ni ule wa duka la mikate. Mwenye duka ni mimi, wateja ni sungura, bata na nguruwe wenye kofia, na kila asubuhi wamepanga foleni mlangoni. Hapa dukani kwangu, hadi mchana, aliingia mtu mmoja. Alikuwa anaulizia hospitali.

Tatizo ni Kasereka, mume wangu. Mwezi wa nne aliona ujumbe wa malipo kwenye simu yangu, akauliza ni wa nini. Mdomo wangu ukasema: ada ya masomo. Masomo gani? Usimamizi wa biashara, kwa mtandao. Tangu siku hiyo mwanamume huyu, ambaye kutwa nzima anahesabu mabehewa yanayoshuka melini kule Port Bell, akirudi nyumbani anaosha vyombo ili mimi nisome. Zamani aliniita Mama Gradi, kwa jina la mtoto wetu aliye shule ya bweni. Siku hizi ananiita mwanafunzi. Leo ameuliza mtihani ni lini. Mdomo umesema: Jumanne.

Sijui mdomo huu ni wa nani.

Ijumaa, 30 Juni

Mpango! Neno la siri la akaunti yangu ya michezo alitunze mtu mwingine. Nimemchagua Ulrich, fundi simu wa kibanda kinachopakana na duka langu. Ni Mkongomani mwenzangu, ila yeye ni wa Bukavu, na anajiona. Nimemwomba abadilishe neno la siri na asiniambie hata nikilia. Alikubali haraka. Haraka mno, nikifikiria sasa.

Saa nane simu inaniletea taarifa: hongera, duka lako la mikate limeingia mwaka wa pili. Na mimi nimekaa nakunja vitenge! Nimechungulia kibandani. Ulrich ameiacha simu ya mteja wazi, matumbo nje, anawauzia mikate sungura wangu. Ukuta ameupaka kijani. Nimelalamika. Amejibu kwamba duka alilikuta limeoza, na kwamba mkate wa zabibu nilikuwa nauuza kwa hasara.

Kisha, kama mtu mwenye huruma, amenisomea michezo yote iliyoshushwa bei leo, ili nijue ninachokikwepa. Nimempa noti aninunulie mitatu. Hii haihesabiki. Aliyebonyeza ni yeye.

Jumamosi, 1 Julai

Kasereka amempigia simu mama yake. Mama Rosalba anakuja! Kutoka Bwera, kwa basi, na kuku wawili, kwa ajili ya sherehe ya kuhitimu kwangu, Jumapili ya tarehe tisa. Sherehe gani? Nani alisema sherehe? Kasereka anasema nilikubali mwenyewe jana tukiwa mezani. Inawezekana. Nilikuwa nawaza treni.

Halafu akaniambia jambo ambalo sikutaka kulisikia. Kwamba aliondoka Butembo akiwa kijana, vita vikiwa vimefunga shule, na kwao hakuna hata mmoja aliyewahi kumaliza kitu chenye cheti. Alilia kidogo huku anasugua sufuria.

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Ukasema kichwa kinaniuma.

Jumatatu, 3 Julai

Ulrich amenirudishia duka la mikate kwa saa moja, kwa sharti nisiguse bei.

Basi saa hiyo hiyo ndiyo aliyoingia Adyero, mwalimu wa kwaya. Mteja wa kweli! Anataka pisi kumi na mbili za kitenge, sare za waimbaji. Skrini ilikuwa imejaa: bata watano, na nguruwe mwenye haraka. Nimemwambia Adyero asubiri kidogo, kuna foleni. Amegeuka kutazama nyuma yake. Hakukuwa na mtu. Ameuliza kwa adabu, "Nnyabo, foleni iko wapi?" Nimemwonyesha kwa kidole. Sijui nimeonyesha nini, lakini nimeonyesha.

Amevuka barabara. Kwa Amito! Amito, ambaye vitenge vyake vinachuja hata ukivitazama. Amempimia pisi zote kumi na mbili huku anatabasamu kuelekea upande wangu. Yule mwanamke ana meno mengi kuliko watu wengine.

Nguruwe amenipa nyota tano. Sikujisikia vizuri kama nilivyotarajia.

Jumatano, 5 Julai

Mpango mpya, safi kabisa. Nimefeli! Mtu aliyefeli hafanyiwi sherehe. Nimemweleza Kasereka asubuhi, kichwa nimekiinamisha. Nilitegemea anipe pole, tunywe chai, yaishe.

Kasereka alisukuma kikombe pembeni. Kisha akasema haiwezekani. Ameniona kwa macho yake nikisoma hadi macho yangu yakawa mekundu. Mwalimu amenionea. Akataka namba ya chuo. Nimesema chuo kiko Malta. Akauliza Malta ni wapi. Sijui Malta ni wapi. Akaandika barua ya malalamiko kwa Kifaransa, kurasa mbili, akanisomea akiwa amesimama wima. Kuna mahali ameandika kwamba mke wake si mtu wa kusema uongo.

Saa kumi jioni nimempigia kazini: chuo kimeandika, kulikuwa na makosa ya kusahihisha, nimefaulu. Nikamsikia akiwatangazia wapakiaji. Wakagonga mabehewa kwa vyuma hadi simu ikakatika.

Sherehe sasa ni kubwa kuliko ilivyokuwa kabla sijafeli. Nimejaribu kufuatilia ilivyotokea, hatua kwa hatua. Kila hatua ilikuwa sawa.

Ijumaa, 7 Julai

Mama Rosalba amefika. Ameshusha kuku, ameketi, ametaka kuona cheti kabla hata ya kupewa maji. Amekuja na msumari wake kutoka Bwera.

Nimesema kiko dukani. Nimekimbilia kwa Ulrich. Na hapa ndipo ajabu: cheti kipo! Duka la mikate likimaliza mwaka wa kumi, mchezo wenyewe unatoa cheti. Mimi kwa miezi mitatu sikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza. Ulrich amemaliza yote kwa wiki moja. Jina lililoandikwa ni langu, kwa kuwa akaunti ni yangu: Victoire Kavugho, Meneja wa Duka, Daraja la Dhahabu, kwa Kiingereza kizuri. Amekichapa kwa rangi kwenye karatasi ngumu. Alipokuwa ananikabidhi, hakukiachia. Nikavuta. Akashika. Mwishowe akaachia, lakini macho yake yalikifuata hadi mlangoni.

Kasoro ni moja tu. Kona ya chini yuko paka amevaa aproni, ameshika mkate.

Mama Rosalba amekitazama muda mrefu. "Binti yangu, huyu paka ni nani?"

Nilitaka kusema ni nembo ya chuo. Nimesema ni mkuu wa chuo. Ametikisa kichwa polepole, akasema Wazungu wana mambo yao. Msumari ukapigwa.

Jumapili, 9 Julai

Naandika upesi kabla sijabadilisha mambo.

Watu walijaa uani. Wapakiaji wa Port Bell. Kwaya nzima ya Adyero, ndani ya vitenge vya Amito. Amito mwenyewe, ambaye sikumwalika, na meno yake yote. Kasereka alivaa suti ya harusi yetu. Alisema maneno machache tu: kwamba mke wake amesoma huku anauza dukani, na kwamba sasa kwao pia kuna kitu cha kutundika ukutani. Sauti ilimkatika. Cheti kikatolewa ukutani, kikapita mkono kwa mkono, na kila aliyekipokea alisita kidogo kwenye kona ya chini.

Ulrich alikuwa ameketi karibu na masufuria. Nilimwona anavimba. Makofi ya kwanza alivumilia. Ya pili pia. Yalipopigwa ya tatu alisimama, akasema angependa watu wafahamu kwamba mwaka wa tisa ulikuwa mgumu kuliko yote, panya waliingia kwenye unga.

Kasereka akaacha kupiga makofi.

"Panya gani?" Kasereka akauliza.

"Wa mwaka wa tisa," akasema Ulrich. "Huyu hawajui hata! Ni mimi njo niliwamaliza!"

Kasereka akanigeukia. Nikautafuta ule mdomo wangu wa siku zote. Haukuwepo. Siku moja tu ninayouhitaji! Nikasema yote: michezo, mapunguzo, foleni, Malta.

"Kwa hiyo," Kasereka akasema taratibu, "nimeosha vyombo miezi mitatu ili wewe uwauzie sungura mikate?"

Nikasema na bata. Sijui kwa nini niliongeza bata.

Aliyefuata kusema ni Mama Rosalba. Alitaka kujua jambo moja tu: katika hayo yote, kuna mtu yeyote aliyefaulu? Nikamjibu ndiyo, mama, Ulrich. Basi akainuka, akamchukua kuku aliyebaki hai, akamkabidhi Ulrich kwa mikono miwili. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga. Nilikuwa sijui la kufanya na mikono.

Wageni walipoondoka, Kasereka alikaa kwenye ngazi na suti yake. Nikakaa ngazi ya chini. Nilingoja aulize habari za pesa. Hakuuliza. Aliuliza kwa nini.

Nikamwambia kule mchezoni wateja wanakuja. Ukifungua mlango wapo, wamesimama, wanakutaka wewe. Dukani nafungua saa mbili na nasikiliza redio ya Amito hadi jioni. Na bei inaposhushwa, naona kama kuna mtu mahali fulani amenikumbuka.

Alivua koti la suti. "Ungeniambia dukani hakuna watu, Mama Gradi," akasema. "Ningekuja kukaa."

Hapo ndipo nililia. Vyombo vya sherehe nimeviosha mimi, vyote, na masufuria.

Jumatatu, 10 Julai

Akaunti nimemwachia Ulrich, na michezo yote ndani. Kadi ya malipo tumeifuta kwenye simu, kidole cha Kasereka kikiwa juu ya changu. Saa nne Ulrich amekuja kulalamika kwamba treni za Ujerumani haziendi popote. Nimemwambia hayo si mambo yangu tena. Raha iliyoje kusema hivyo!

Kasereka ameomba ruhusa ya nusu siku, akaja kukaa dukani kama alivyosema. Anakaa vizuri lakini anawatisha wateja, anawahesabu. Mama Rosalba ni afadhali. Amejiweka mlangoni na kuwaita wapita njia kwa sauti ya mtu anayewaita watoto waje kula. Wanaingia!

Na Adyero amerudi. Vitenge vya Amito vimechuja kwa jasho la jana, waimbaji wote wa sauti ya kwanza wana shingo za bluu. Amechukua pisi kumi na mbili. Nimempimia papo hapo. Nilitoka hadi mlangoni ili Amito aone meno yangu.

Alhamisi, 13 Julai

Mapunguzo ya michezo yamekwisha leo, na sikununua kitu. Siku nne nzima! Nimepona. Nimewaambia watu watatu, na mmoja hata simjui.

Mchana nimekwenda Katwe kununua kufuli la duka. Moja tu. Nikampita fundi anaitwa Opoka, anahama karakana yake, anauza sigiri, majiko ya mkaa, kwa nusu bei. Sigiri nzito, udongo safi ndani, vishikio vya chuma. Ukichukua tatu, ya nne bure. Nilisimama kutazama tu. Akaniuliza habari za nyumbani. Mtu mwema sana.

Nimerudi na kumi na sita.

Hii ni tofauti kabisa. Mchezo wa kompyuta huwezi kuushika. Sigiri unaishika, na inakuchafua nguo. Tena nimeokoa nusu ya bei, bila kuzitia ndani zile nne za bure!

Kasereka amezipanga ukutani, zimefika dirishani. Hakupaza sauti. Ameniuliza kwa upole mkubwa kama nakumbuka kwamba sisi tunapikia gesi.

Nimefikiri. Nimemwambia ndiyo sababu zitadumu.

Mama Rosalba amecheka hadi akashika ukuta. Sijaelewa anacheka nini.

Kufuli nimesahau kulinunua. Kesho lazima nirudi Katwe, na ni bahati, maana Opoka amesema kesho ni zamu ya makarai.