Jinsi Nilivyotaka Kumpokonya Dalila Watu Wake

Jumamosi, 4 Oktoba 2025
Mtaa wetu hapa Kismayo unatafuta watu wa kujitolea kuwauguza wagonjwa majumbani. Na kiongozi wao. Nani kama mimi, Mukhtari? Lakini jirani yangu Dalila naye kajitokeza! Hana hata sauti ya kuhutubia. Mke wangu kaniuliza kama mgonjwa huoshwa kwa hotuba. Nikaenda kuagiza halwa.

Jumatatu, 6 Oktoba
Nilitangaza halwa na kahawa kwa kila atakayejitolea. Baraza ilifurika! Hotuba yangu ilipofika kwenye kuosha vidonda, sinia lilikuwa tupu. Baraza pia.
Dalila hakutangaza kitu. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza kila mmoja anaweza nini. Fardowsa anapika uji mzuri. Badi, mvuvi wa kisiwa cha Chovai, ana mikono ya kuinua watu. Wote wamekubali. Husuda imenishika.

Jumatano, 8 Oktoba
Hila mpya. Nimejilaza: kiuno, siinuki! Wakija kuniuguza, nitawashawishi wamwache Dalila, wahamie upande wangu.
Wakaja. Badi alinigeuza taratibu, kama mwenye kushika yai. Fardowsa akanilisha uji, akisubiri nimeze. Macho yake mekundu. Nikamuuliza kulikoni. Mgonjwa wake, Bi Zakia, amefariki jana. Fardowsa alitaka kuacha kazi hii kabisa. Dalila akaenda kwake, akampikia, akakaa naye mpaka machozi yakamwisha, akamwambia apumzike. Lakini kusikia Mukhtari hajiwezi, amekuja.
Ushawishi wote ukanitoka kichwani.
Mara kelele nyumba ya pili. Mzee Athmani, mwenye kiharusi, kaanguka bafuni! Badi akakimbia, akaita msaada. Nikaruka kitandani. Tukamwinua pamoja, yu hai, anatetemeka. Ndipo Badi aliponitazama, akauliza kwa Kibajuni chake:
"Mchu huyu kiuno chake kimepona lini?"
Nilitamani ardhi inimeze. Dalila alikuwa mlangoni. Hakucheka.
"Kaka Mukhtari, una mikono yenye nguvu. Ijumaa nenda na Badi mkamwoshe mzee."

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimekwenda. Badi aliosha, mimi nikashika beseni. Tulipoaga, mzee Athmani, asiyeweza kusema, aliushika mkono wangu, hakutaka kuuachia. Machozi yalinitoka. Nilimwambia Badi ni sabuni.
Nje Dalila aliniuliza najionaje, siku yangu ya kwanza. Akangoja jibu, kweli! Nikaeleza yote. Sasa najua kwa nini watu hawamwachi.
Mwanamke huyu ni hazina! Ni dhambi kumfungia katika mtaa mmoja. Kule kisiwani Kudhaa wagonjwa wanamhitaji, na kazi ya kule itamchukua mwaka, pengine miwili. Hapa nitashika nafasi yake ya uongozi mimi, kwa unyenyekevu.
Nimeshazungumza na mwenye mashua. Dalila anaondoka Jumapili. Mwenyewe bado hajajua.