Povu Lisilo la Sabuni

Foleni ya vyeti vya kuzaliwa ilikuwa imezunguka jengo zima, na Povu alipoiona akashukuru kimoyomoyo. Watu waliosimama tangu alfajiri hununua chochote, alimradi muda uende.

Kazi yake ilikuwa kuanguka. Kila siku alitafuna kipande cha sabuni, akarusha miguu, akatoa povu. Kisha binamu yake, Kipaza, akajipenyeza na chupa na kumdondoshea matone matatu ya "dawa ya kifafa", na papo hapo mgonjwa akaketi na kuuliza yuko wapi. Ndani ya chupa mlikuwa na maji ya bomba na majani machungu. Wasomi wenye tai walinunua mbilimbili.

Asubuhi hiyo Povu alikuwa amejidunga insulini kama kawaida, maana kisukari chake kilikuwa cha kweli, pengine kitu pekee cha kweli alichokuwa nacho. Ila hakutia kitu tumboni.

"Kula hata mkate," Kipaza alimsihi.

"Mgonjwa aliyeshiba nani atamwonea huruma?"

Pale kwenye foleni jasho likamtoka, mikono ikamtetemeka. Akaitafuta sabuni mfukoni, akasahau anatafuta nini. Kisha akaanguka kweli, mzimamzima, na mengine alikuja kusimuliwa.

Kipaza alidhani binamu leo amejitahidi, akaihutubia dawa yake kwa watu kuliko siku zote. Akadondosha matone matatu, kisha sita, kisha nusu chupa, ikamtiririka hadi shingoni. Povu akazidi kurusha miguu. Kipaza akainama amnong'oneze kwamba yatosha, akaona lile povu halinuki sabuni hata kidogo. Akakumbatia mkoba wa mauzo, akatoka mbio bila kuaga. Damu nzito hiyo.

Aliyesogea ni mama muuza chai. Marehemu mumewe alikuwa na kisukari. Jasho lile alilijua.

"Mlazeni ubavu. Msimtie kitu mdomoni. Mmoja apige simu hospitali."

Mitikisiko ilipokoma, akampaka sukari kwenye fizi, mara moja, mara mbili. Povu alipoweza kumeza, akamnywesha chai yenye sukari ya kutisha. Macho yakafunguka.

Foleni nzima ikashusha pumzi.

"Mama, hiyo dawa ya kifafa unauzaje?" aliuliza bwana mmoja mwenye tai.

"Ni chai. Sukari yake ilishuka mno, ndiyo ikamwangusha. Mwenye kifafa aende hospitali."

"Anaficha siri," bwana aliwaambia wenzake. "Mimi nipe vikombe viwili."

Povu, ulimi umevimba kwa kujing'ata, alijiinua kwa kiwiko. Kwa mara ya kwanza maishani alitaka kusema kweli mbele ya watu.

"Jamani, ni sukari tu. Hata ile dawa yetu ilikuwa maji ya bomba."

"Masikini, anaweweseka," walisema, wakamsogeza pembeni ili wapate nafasi ya kupanga mstari.

Mama muuza chai aliwatazama, akachoka nao, akaanza kumimina. Povu akanyoosha mkono kuomba kikombe cha pili.

"We mzee," bwana mwenye tai alimkemea, "panga foleni kama wenzako."