Panya Milia wa Gatwekera

Jumatatu, 3 Juni 1996
Aibu gani hii! Kabiru, mtoto wa landilodi kule mtaa wa Kongo, Kawangware, alipeleka popo aliyekufa kwenye makavazi ya wanyama ya chuo kikuu. Sasa popo amelala ndani ya droo na kikaratasi mguuni: "Kabiru, Kawangware." Akoth, msichana ninayemtaka, hana habari nyingine mdomoni. Nilimpelekea mandazi moto, akaniuliza jina langu mimi liko wapi. Mandazi akala, lakini.

Jumanne, 4 Juni
Nimepeleleza. Daktari Wamuyu wa makavazi anatafuta panya wa Nairobi ya leo, awalinganishe na waliohifadhiwa tangu enzi za mkoloni. Panya! Na mimi naishi Gatwekera, mtaa wa mabanda wenye panya kuliko watu! Ila panya wa kawaida hamwezi popo. Nataka panya ambaye dunia haijamwona.

Alhamisi, 6 Juni
Mtego umenasa! Panya mnono, amekufa vizuri. Nimenunua piko, ile rangi nyeusi ya nywele, sokoni Makina, nikamchora milia. Anafanana na punda milia aliyekosa karo. Vidole vyangu navyo vimekuwa vyeusi. Sayansi ni mateso.

Ijumaa, 7 Juni
Nilimwambia Daktari Wamuyu hii ni aina mpya kabisa. Akavuta droo. Panya milia wamejipanga kama wanafunzi paredi! Kumbe wapo tangu zamani! Nikajitetea kwamba wangu ni binamu yao wa mjini. Akampangusa mgongo kwa pamba yenye spiriti. Pamba ikawa nyeusi. Akaitazama pamba, kisha vidole vyangu.

"Opondo," akasema, "huyu panya ametoka saluni?"

Nilitamani droo inimeze.

Lakini hakunifukuza! Alisema fuvu na meno hayapakwi rangi, na hakuwa na panya hata mmoja wa Gatwekera. Akamwosha, akampima mkia na masikio, akamfunga kikaratasi: "Opondo, Gatwekera." Akasema hata wajukuu wetu watakuja kumchunguza. Machozi yalinilenga.

Jumapili, 9 Juni
Akoth alikaa kando yangu kanisani! Kabiru alinuna mpaka sadaka. Somo la Daktari nimelishika: rangi hutoka. Kwa hivyo nimeokota chura aliyekufa mtoni, nikamshonea mkia. Kwa uzi wa nailoni. Kesho nampeleka. Huyo hata wamtie kwenye spiriti, mkia hautoki ng'o!