Ombi la Kamera Itakayoficha Picha kwa Siku Kumi na Nne

Ditram Wenceslaus,
Mpiga Picha na Fundi Redio,
Mabwerebwere, Kilosa.
4 Novemba 2002

Mhariri,
Ukurasa wa Zana za Kisasa.

Ndugu Mhariri,

YAH: MADHARA YA KIOO KILICHO NYUMA YA KAMERA YA DIJITALI

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama nimekuzidi, marahaba, nimeipokea kabla hujaitoa, maana jambo lenyewe halitaki kungojeana salamu.

Mimi ni msomaji wa ukurasa wako kila Jumamosi, ingawa Jumamosi yako huku inafika Jumatatu. Vifaa nimevipenda tangu milango ya biashara ilipofunguliwa na vitu vikaanza kuingia nchini. Saa yenye kikokotoo niliivaa mwaka 1988, wa kwanza Mabwerebwere, vidole vyangu vikiwa vinene kuliko vitufe vyake. Simu ya mkononi niliinunua miezi saba kabla mnara haujasimama hapa, na kwa miezi saba niliitumia kutazamia wakati, kwa sababu ile saa ilikwisha kufa. Nasema haya ili ujue kwamba anayekuandikia si mtu anayeogopa vitu vipya. Ni mtu ambaye vimemuumiza mara nyingi na kila mara akarudi dukani.

Shida yangu ni hii. Jumapili ijayo, tarehe 10, kamati ya kipaimara ya parokia yetu inakaa kuamua nani atapiga picha siku Baba Askofu atakapokuja, tarehe 8 Desemba. Watoto ni 84. Kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na moja mfululizo bila kujadiliwa. Mwaka huu najadiliwa. Anatajwa bwana mmoja wa Mikumi anayeitwa Lupakisyo, mwenye kamera ya mkanda na shati la mifuko minane. Nikiikosa kazi hii, studio yangu inarudi kuwa kibanda cha redio, na mimi narudi kuunga nyaya.

Chanzo ni wewe. Mwezi Mei uliisifu kamera ya dijitali kwa maneno haya: hakuna mkanda, hakuna kusafisha, hakuna kungoja, unaona papo hapo. Nilikikata kipande kile nikakibandika ukutani. Mwezi Julai kamera ilikuwa mkononi. Malalamiko yangu nayapanga kwa namba ili usipate pa kupitia.

1. Kuhusu kuona papo hapo. Zamani mkanda ulikwenda Morogoro kusafishwa na picha zikarudi baada ya siku kumi na nne. Wewe unaziita siku za hasara. Mimi nakwambia zile ndizo zilizokuwa ufundi wenyewe. Mtu akingoja siku kumi na nne anasahau sura aliyokuja nayo. Akipewa picha anashukuru kwamba imefika. Mwaka 1999 nilitoa picha 412. Zilizokataliwa ni tatu, na katika hizo tatu, mbili zilikuwa za watu wengine, na mmoja wa wenye kukataa alikwisha kukaa na yake wiki nzima akidhani ni yeye.

Sasa tazama mambo ya leo. Mwezi Agosti alikuja Mwalimu Cornel kupiga picha ya pasipoti. Kila nikibonyeza, anainuka kwenye kiti anazunguka nyuma kutazama kioo. "Hapana, fundi. Huyu si mimi, huyu ni marehemu baba. Rudia." Nilirudia mara kumi na saba. Ya kumi na saba ilifanana na ya kwanza kwa kila kitu, isipokuwa mimi niliyeipiga nilikuwa nimezeeka.

2. Kuhusu betri. Hukuandika habari za betri hata mstari mmoja. Kamera hii inakula betri nne kwa picha kumi na tisa. Nilizianika juani juu ya bati, kama tunavyofanya za redio, kando ya mihogo ya jirani yangu Mama Perpetua. Saa mbili za jua zilinipa picha tatu. Kwenye ya nne kamera ilizimika lenzi ikiwa nje, ikabaki imechomoza kama kobe aliyefia safarini. Mama Perpetua aliniuliza kama zile betri nitazitwanga au nitazikaanga. Wakati huo nami nilikuwa naliwaza swali hilohilo.

3. Kila ukitoa betri, kalenda yake inarudi tarehe 1 Januari 2000, saa sita mchana. Tarehe hiyo inajiandika kwenye pembe ya picha. Kwa mujibu wa kumbukumbu zangu, nusu ya Kilosa imeoa, imebatizwa na imezikwa siku moja, na wote mchana.

4. Kuhusu programu. Ndani ya boksi kulikuwa na sidii, na uliandika kwamba mwenye sidii hiyo anakuwa na chumba cha kusafishia picha mezani kwake. Meza ninayo. Kompyuta ya kuipokea niliipata Mikumi, kwenye nyumba moja ya wageni, ambako dada wa mapokezi, Nasieku, alinipa saa moja wageni wakiwa mbugani. Programu iliuliza maswali kumi na moja kwa Kiingereza. Nikajibu ndiyo yote, pamoja na lile ambalo Nasieku alinieleza baadaye, akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, kwamba lilikuwa linauliza kama vilivyomo vifutwe. Humo ndimo yalimokuwa majina ya wageni wa miezi mitatu. Nikienda Mikumi siku hizi sipiti mbele ya nyumba ile.

Kwa hiyo picha nazipeleka Dar es Salaam kuchapwa. Naichomoa kadi inayotunza picha, naitia kwenye bahasha, nampa dereva wa basi. Inarudi baada ya siku sita. Kadi ninayo moja tu, kwa hiyo siku hizo sita kamera ni kipofu na mimi nimekaa nayo barazani tunatazamana. Kungoja hakujaisha, ndugu Mhariri. Kumehamia kwangu.

5. Hapa ndipo penyewe, na naomba tuelewane kama watu wa kazi.

Mkanda una picha 36. Harusini wanaotaka kupigwa ni mia mbili, na wote wanakwambia watakuja kuchukua picha zao. Katika kila kumi wanakuja wanne. Kwa sababu hiyo mpiga picha mwenye akili ya hesabu anatembea na kamera ya pili, isiyo na mkanda, yenye flashi tu. Unamtazama mtu viatu, unakadiria, unaamua: huyu mkanda, huyu hewa. Aliyepigwa hewa anatabasamu sawasawa na mwenzake na anashiba furaha sawasawa. Baada ya siku kumi na nne unamwambia pole, mkanda uliungua. Simdai kitu. Niliiona kuwa huduma.

Tarehe 28 Septemba nilikuwa na harusi Rudewa. Kadi yangu inachukua picha thelathini. Nilizipiga zote thelathini, na kila baada ya picha watu walizunguka nyuma kujitazama, wakacheka, wakaitana. Kadi ikajaa. Nikafanya nilichofanya miaka kumi na moja: nikaishika kamera ya pili nikaendelea.

Kundi la sita lilikuwa la mzee Lemayan, mfugaji, jirani wa wenye harusi. Huyu ni mtu anayehesabu ng'ombe mia wakipita mlangoni bila kunyanyua kidole. Alimaliza kupigwa, akazunguka nyuma kama wenzake, akakuta mfuniko mweusi.

"Fundi, sisi tumelala wapi humu?"

Nikamwambia wamo ndani, hii ni ya aina ya zamani.

"Ile ya kwanza imewaonyesha watu wote. Hii imepiga makundi sita, haijatoa hata pua. Hebu fungua tuwasalimie."

Watu wakacheka. Nikamweleza kwa heshima kwamba ukifungua, mwanga unaingia na mkanda unaungua. Hapo ndipo Mama Costancia, mwenyekiti wa kamati ya kipaimara, alipoweka chini sahani yake ya pilau. Akasema, "Acha uungue. Wangu si uliungua bila kufunguliwa?" Akaichukua mkononi mwangu, akafungua.

Ndani hamkuwa na mkanda. Mlikuwa na punje moja ya wali, ya harusi gani sijui.

Hakupiga kelele, na ningependelea apige. Alifunga mfuniko, akanirudishia kamera kwa mikono miwili. "Ditram, fremu ya kipaimara ya Marselina bado iko ukutani kwangu. Tupu. Miaka sita nawaambia wageni mkanda uliungua, tena nawaambia nikikutetea."

Marselina ni binti yake. Mwaka 1996 mama alimleta kanisani akitoka moja kwa moja kwenye vibarua vya shamba la mbegu Kilangali, kandambili zina tope mpaka kisiginoni. Nilitazama kandambili, nikakadiria hewa. Wiki mbili baadaye alikuwa wa kwanza mlangoni kwangu, na fremu alikwisha kuinunua. Nilikosea hesabu. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, ingawa haliisaidii barua yangu.

Lakini turudi kwenye hoja. Kwa miaka kumi na moja hakuna mtu aliyewahi kuzunguka nyuma ya kamera. Nyuma ya kamera palikuwa pangu, kama jikoni palivyo pa mpishi. Aliyewafundisha watu kuja huko ni kile kioo, na aliyekisifu kioo ni wewe. Kwa hesabu hiyo, aliyeifungua kamera yangu kule Rudewa si Mama Costancia. Ni ukurasa wako.

6. Kwa hiyo naomba yafuatayo, na nimeyapanga kuanzia jepesi:

(a) Uwaandikie watengenezaji watoe kamera ya dijitali ya mikoani, ambayo ukipiga picha inaificha siku kumi na nne ndipo ionyeshe.

(b) Kamera hiyo iwe na kitufe kinachowasha flashi bila kupiga kitu. Kiwekewe alama ya ua, mtu asiulize.

(c) Hayo yakishindikana, uiombe serikali itangaze eneo la hatua tano nyuma ya mpiga picha yeyote kuwa eneo lisiloingiwa bila kibali, kama ilivyo kwa madaraja na mitambo ya umeme.

(d) Na hili ni la haraka: umwandikie Mama Costancia kabla ya Jumapili, kwa karatasi yenye nembo ya gazeti, umthibitishie kwamba kitaalamu mkanda unaweza kuungua hata kama haupo.

Nimeisoma (d) mara tatu na naona inasimama. Wewe ni mtaalamu, ipambe kidogo kwa maneno ya Kiingereza.

Nasubiri hatua zako. Wasalimie wote hapo ofisini, mpanga kurasa, na yule anayesahihisha maneno, ambaye tarehe 19 Oktoba alilala kazini kwenye safu ya tatu. Msalimie pia dereva anayeleta gazeti lenu huku. Mimi na familia tu wazima, kamera zote mbili pia ni nzima, ila hatuzungumzi.

Wako aliyekuamini,
Ditram Wenceslaus

Nyongeza, Jumapili 10 Novemba, jioni.

Barua hii ilichelewa. Jumatatu posta nilikuta pamefungwa, na baada ya hapo sikuwa na moyo wa kutoka nje. Sasa stempu nimekwisha kuibandika na haibanduki, kwa hiyo ninaituma, ila nakuomba sana usiichapishe wala usitekeleze ombi lake hata moja.

Kamati imekaa leo baada ya misa ya pili. Lupakisyo alikuja na shati lake. Akaombwa aoneshe kazi, akawapiga wajumbe wote tisa waliopanga mstari. Alipomaliza, wajumbe wakainuka bila kuambiwa, wakazunguka nyuma yake. Wakakuta mfuniko mweusi. Mama Costancia akamuuliza, "Baba, tutajuaje kama umetupiga?" Akajibu kwamba mtu anajua kwa uzoefu. Mama akasema, "Uzoefu huo tunao sisi."

Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha mwisho karibu na mlango, tayari kwa kuondoka. Akanigeukia. "Ditram, wewe si mwaminifu kuliko huyu mgeni. Yeye hatujamkamata na kitu. Ila yako ina kioo." Wakapiga kura, nane kwa moja. Huyo mmoja aliyenikataa ni mjomba wangu.

Masharti ni mawili. La kwanza, kamera ya pili ibaki kwa Padre mpaka Askofu aondoke. La pili, hakuna mtoto aliyepigwa kushuka ngazi za kanisa kabla mzazi wake hajaja nyuma kutazama na kusema ndiyo. Nimekwisha kupiga hesabu: wazazi wakiwa wepesi ni betri ishirini, wakiwa kama Mwalimu Cornel ni betri 304, na kwa maduka ninayoyajua hapa Kilosa hazifiki 304.

Kwa hiyo kama una nafasi, rudia yale maneno ya mwezi Mei kwa herufi kubwa, na uniletee kwa basi ushauri wowote ulio nao, pamoja na kadi mbili za kuazima, maana yangu inaishia picha thelathini, mapema, kabla ya tarehe 8. Mimi kipaimara nimepiga miaka kumi na moja, lakini kupiga watoto wote ndiyo itakuwa mara yangu ya kwanza.

D.W.